Gari Linalozimika na Kibonye cha Mzunguko

Jumatatu, 9 Machi

Itunzwe katika kumbukumbu za ulimwengu kwamba leo asubuhi, baada ya chai na kabla ya somo la kwanza, kiti cha Mwalimu Mkuu wa shule yetu ya udereva kimebaki wazi.

Sisemi kwa mafumbo. Kiti chenyewe. Cheusi, cha ngozi ya kuiga, kina pa kuegemeza mikono, kina magurudumu, na kinazunguka. Aliyekikalia miaka yote amestaafu, amekwenda kufuga kuku. Sikuwahi kumwona akikizungusha hata siku moja. Mtu anapewa kitu kama kile halafu anakaa kama yuko juu ya gogo. Mimi nitazunguka.

Bosi ametukusanya ofisini. Bosi ni mwanamke mwenye sauti ya upole, na upole huo ndio unaotutoa jasho. Amesema wanaofaa ni wawili, mimi na Kioo, na hataki kusikia maneno ya pembeni. Kila mmoja wetu ana mwanafunzi atakayefanya mtihani wa leseni Ijumaa. Atatazama tulivyofundisha, kisha ataamua nani awe Mwalimu Mkuu.

Kioo ni mwalimu mwenzangu. Tunamwita hivyo kwa sababu huanza kila somo kwa kurekebisha kioo cha ndani, na akishakirekebisha anajitazama. Mwanafunzi wake ni msusi, binti mwenye mikono myepesi. Wangu ni mama mzazi wa Bosi. Sidhani kama nahitaji kueleza uzito wa mzigo huu.

Mama ameanguka mtihani mara mbili, zote kwa kosa moja: kuzimisha gari kwenye taa. Mguu wake na klachi havikupatana. Na leseni anaitaka kweli, si ya maringo. Dada yake anakaa upande wa pili wa mji, miguu imemgomea, hatoki ndani. Kila mama akitaka kwenda kumwona hukaa getini, mkoba mapajani, akimsubiri mkwewe ambaye tangu asubuhi yuko njiani. Ndiyo maana Bosi amenunua gari jipya la shule, lisilo na klachi. Gari ambalo huwezi kulizimisha hata ukitaka.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na semina ya gari hilo. Kioo alikwenda. Mimi sikwenda. Nilianza kuendesha magari kabla yule mkufunzi wa semina hajaota meno. Pia mvua ilikuwa inanyesha, na usingizi ulikuwa mzuri.

Somo la kwanza. Tumefika taa za sokoni. Nyekundu. Mama amekanyaga breki, gari limesimama vizuri kabisa. Kisha injini imezimika. Kimya.

Nikaandika kwenye fomu yangu: kuzimisha gari. Mama akasema hajagusa kitu. Wote husema hivyo.

Taa ikawa ya kijani, akaachia breki, injini ikawaka yenyewe na gari likaondoka kana kwamba hakuna lililotokea. Sikuonyesha mshangao. Mwalimu hashangai mbele ya mwanafunzi. Nimeshangaa baadaye, chooni.

Jumanne, 10 Machi

Limezimika taa za sokoni. Limezimika taa za benki. Limezimika kwenye kivuko cha shule, na mara moja tena nyuma ya lori la mchanga. Gari jipya, linang'aa, harufu ya duka bado imo ndani, na linakufa kila linaposimama.

Nimemshuku Kioo. Asubuhi gari ni langu, mchana ni lake. Anaweza kuwa amelichezea. Nikamwuliza kwa mbali, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, anaionaje afya ya gari. Akajibu, huku akijitazama kwenye kioo cha mlango, kwamba ni gari zuri sana, likisimama linajipumzisha. Akacheka. Nikajua ananisema mimi na semina niliyoilalia.

Kumwuliza waziwazi haiwezekani. Nikiuliza, nimekiri kwamba sikuwepo, na Mwalimu Mkuu mtarajiwa hawezi kuwa mtu ambaye hakuwepo. Mke wangu amesema ana ufumbuzi: niulize. Nimemweleza kwamba kazini kuna siasa zake. Akasema siasa hizo hizo ndizo zilizotufanya tukae wiki nzima na friji ambayo plagi yake ilichomoka ukutani tukidhani imekufa. Sioni uhusiano.

Nimemfundisha mama kanuni yangu ya dharura, ile waliyojifunza kwangu nusu ya madereva wa mji huu. Gari likizimika, usibabaike. Rudisha gia, vuta breki ya mkono, washa upya. Ameifanya vizuri sana kwenye taa za benki. Gia. Breki. Kibonye cha kuwashia. Dashibodi ikawa giza, redio ikanyamaza, feni ikanyamaza. Tukaanza kuwasha tena. Kufikia hapo taa ilikuwa imeshakuwa ya kijani na kurudi nyekundu, na nyuma yetu kulikuwa na honi za kila sauti. Dereva wa lori akaja dirishani akamwuliza mama kama anataka kusukumwa. Mama akamjibu amwulize mwalimu, yeye anasukumwa tangu jana.

Tukasimama pembeni kupoza vichwa. Hapo ndipo mama aliponyoosha kidole kwenye kibonye kidogo karibu na gia: herufi A, na mshale unaoizunguka. Akauliza ni cha nini.

Sikuwahi kukiona maishani. Nikajibu papo hapo. Hicho, mama, ni cha mzunguko. Pale barabara nne zinapokutana na magari yanaizunguka bustani, unabonyeza, ili gari lijue kwamba tunazunguka. Mshale huo hapo, unauona wenyewe. Mama akakitazama kibonye. Akanitazama mimi. Akasema haya.

Tukaingia mzunguko wa hospitali. Akabonyeza. Taa ndogo ikawaka kwenye dashibodi. Tukazunguka, tukatoka, tukarudi kwa njia ile ile. Taa za benki: halikuzimika. Kivuko cha shule: halikuzimika. Taa za sokoni: linanguruma kama paka aliyeshiba.

Sielewi kitu. Lakini nimefurahi, na kwangu mambo hayo mawili huja pamoja mara nyingi.

Jumatano, 11 Machi

Nimeamka na jibu. Ni mzunguko! Gari jipya limekaa bandarini, limekaa melini, oili yote imelala upande mmoja. Likizunguka, oili inakorogeka, kama sukari iliyokaa chini ya kikombe. Dawa rahisi namna hii, na hakuna aliyeifikiria.

Basi leo nimeongeza kipimo. Tumepita mizunguko miwili makusudi, wa hospitali na wa stendi. Mama amebonyeza kote kuwili, mwanafunzi mtiifu. Tukafika taa za sokoni nikiwa nimekunja mikono kifuani, tayari kusifiwa.

Kimya. Limekufa.

Tukarudi tukazunguka wa tatu. Likapona. Tukazunguka wa nne. Likaugua. Tukazunguka tena, na tena. Muuza magazeti wa mzunguko wa hospitali alianza kutupungia mkono kama jamaa zake.

Kwa hiyo mzunguko wa kwanza unaikoroga oili, na wa pili unairudisha ilikotoka. Tatizo ni kwamba mara zote tulizunguka upande ule ule. Hapo bado pana ukungu. Nimejaribu kumchorea mama kwenye kioo chenye vumbi, mishale ikanizidi, nikafuta kwa mkono wa shati.

Ndipo mama akanigeukia, taratibu, kama mtu anayemwondolea mwenzake jani kichwani.

"Mwanangu," akasema, "binti yangu aliniambia gari hili likisimama linazima lenyewe, lisichome mafuta bure. Ukiinua mguu linawaka. Na hicho kibonye ni cha kulikataza lisizime. Ukikibonyeza tena, linarudia tabia yake."

Sikumwamini. Niliguswa. Nilielewa mara moja alichofanya Bosi. Ameona mama yake anazimisha hata gari lisilozimishika, akamtungia hadithi asione aibu. Gari linazima lenyewe! Mtu aumize kichwa kutengeneza gari, kisha aliamuru life katikati ya barabara? Vijana wanasemwa sana siku hizi, lakini huyu anamstiri mama yake. Machozi yalinikaribia.

Nikamwambia ndiyo, mama, ndivyo lilivyo, wala usijali. Akauliza kama ndivyo lilivyo, mbona fomu nzima nimeijaza makosa yake.

Nikamwonyesha ndege aliyekuwa juu ya nguzo.

Alhamisi, 12 Machi

Habari njema. Mlinzi wa kituo cha mtihani, ambaye nilimfundisha kaka yake, amenitajia njia ya kesho. Taa za sokoni, mzunguko wa hospitali, taa za benki, kurudi. Mzunguko mmoja tu. Dawa kamili.

Habari mbaya. Taa za sokoni zinakuja kabla ya mzunguko. Pale gari litazimika, na mama ataanguka mara ya tatu, na kiti kitakwenda kwa mtu atakayekitumia kujitazamia kwenye dirisha.

Mpango. Kesho mtahini atakaa mbele na mimi ninaruhusiwa kukaa nyuma, bila kusema neno. Lakini hakuna sheria inayokataza kikohozi. Kikohozi kimoja maana yake: washa upya. Vikohozi viwili: bonyeza kibonye cha mzunguko. Tumefanya mazoezi asubuhi nzima mpaka koo likawa linawasha kweli. Mama alisema sawa, mwalimu. Alisema kwa sauti ile unayomwambia nayo mtoto kwamba ndiyo, dubwana la chini ya kitanda umelisikia.

Mpango wa pili hauna jina zuri. Nilimkuta msusi kwenye benchi akimsubiri Kioo. Nikaketi. Nikamwuliza habari za nyumbani, nikamsifia viatu. Kisha nikamwambia kama kaka mkubwa: kile kibonye cha herufi A, binti, usikiguse kabisa, hata ukiingia mzunguko. Ukikigusa tu, umeanguka.

Yaani nimemnyima dawa. Gari litamfia kila taa, mbele ya mtahini, na yeye hatajua kwa nini.

Akanishukuru. Akasema hata Kioo amemwambia vivyo hivyo. Maskini Kioo. Semina nzima, na hajui hata kibonye cha mzunguko. Dhamiri ilinisuta mpaka chai ilipokuja.

Ijumaa, 13 Machi

Msusi ametangulia. Aliporudi alikuwa anatabasamu na mtahini akampa mkono. Wa pole, nikajua. Tabasamu la namna ile ni mshtuko, nimeliona kwa wengi.

Zamu yetu. Mtahini ni mtu mnene wa maneno membamba. Mama amefunga mkanda, ametazama vioo, ameondoka laini kama anamimina mafuta. Nyuma mimi, magoti yangu kidevuni, koo nimelisafisha.

Taa za sokoni. Nyekundu. Gari likasimama. Injini ikazimika. Kimya kile.

Nikakohoa.

Mama hakufanya kitu. Mikono kwenye usukani, macho mbele. Nikakohoa tena, kumkumbusha. Ndipo nilipoona kasoro ya mpango. Kikohozi cha kukumbusha, ukikijumlisha na kile kilichokumbushwa, ni vikohozi viwili. Nilikuwa nimemwamuru abonyeze kibonye cha mzunguko, na mzunguko haupo! Nikakohoa mara moja zaidi ili kukifuta cha pili. Sasa vilikuwa vitatu, na vitatu hatukukubaliana vina maana gani. Nikakohoa kirefu kimoja, cha kuanza upya kabisa.

Mtahini akauliza bila kugeuka kama mzee wa nyuma anaumwa. Mama akamwambia hapana, gari ni jipya, hajalizoea.

Taa ya kijani. Mama akainua mguu, likawaka, likaondoka. Mtahini akaandika kitu kifupi. Hakushtuka hata kidogo. Nadhani wakati ule alikuwa anatazama kuku wa sokoni.

Kisha mzunguko. Nikakohoa viwili, safi, vyenye nafasi katikati. Mama akaashiria, akapisha, akaingia. Kibonye hakikuguswa. Nikakohoa vingine viwili. Hakikuguswa. Tunazunguka bure! Oili inakorogeka, sawa, lakini gari halina habari! Na mbele ni taa za benki, mahali pa aibu zake zote. Nilikiona kiti. Nilimwona mama getini, mkoba mapajani. Nikajipenyeza katikati ya viti vya mbele, nikakibonyeza mwenyewe.

Mtahini akamwambia mama asimame pembeni akiona pana usalama. Alisimama vizuri sana. Hilo nilimfundisha mimi. Kisha akanigeukia kwa mara ya kwanza.

"Mzee, shuka."

Nikamwuliza kama ni mimi. Akasema mwingine ndiye anayeendesha.

Nikashuka. Mama akanitazama kupitia kioo cha pembeni, akaashiria, akaangalia nyuma, akaondoka. Ukisimama juu ya ukingo wa bustani unaziona taa za benki. Nikapanda. Zilikuwa nyekundu. Gari likasimama, na bomba la nyuma nikaliona likitikisika, likitikisika tu. Injini haikuzimika. Mkono wangu umefanya kazi.

Nimerudi kwa miguu. Muuza magazeti akaniuliza gari liko wapi leo. Nikamwambia limepona.

Jumamosi, 14 Machi

Mama amefaulu. Msusi pia amefaulu, jana ile ile, na mtahini amemsifu. Hapo sielewi. Gari limfie kila taa, kisha apewe sifa? Labda mtahini ana jamaa anayesukwa.

Kioo amekuja kunishukuru. Msusi amemwambia nilivyomwusia kuhusu kibonye, na yeye, Kioo, hakutegemea wema ule kutoka kwangu. Amenishika bega. Nimezipokea shukrani hizo. Sikujua pengine pa kuziweka.

Bosi ametuita ofisini. Mama alikuwepo, leseni mkononi, anaishika kwa ncha za vidole kama picha ambayo haijakauka. Bosi akamwuliza, mbele yetu wote, mwalimu wake amemfundisha nini.

Mama akafikiri.

"Amenifundisha kuendesha huku mtu anakohoa nyuma yangu," akasema. "Sasa hakuna kitakachonishtua barabarani."

Bosi akakohoa. Kimoja. Sikujua niwashe nini.

Akasema uamuzi tutausikia Jumatatu. Mama akachukua funguo za gari la Bosi mezani, akatia mkoba begani, akaenda kwa dada yake. Kitambo baadaye mkwewe akapiga simu, bila shaka kusema yuko njiani. Bosi akaiacha simu iite.

Nimemweleza mke wangu kila kitu, nikasisitiza sehemu ya mkono wangu. Akauliza kama mwishowe nilimwuliza mtu. Nikamwambia jambo likishatatuliwa haliulizwi.

Jumatatu, 16 Machi

Ushindi! Kiti ni changu.

Nianze mwanzo. Asubuhi Bosi ametangaza kwamba kuanzia leo Mwalimu Mkuu ni Kioo. Tukapiga makofi, mimi kidogo. Kisha kikaingizwa kiti kipya, nailoni bado haijatolewa, kikawekwa nyuma ya meza. Nikauliza kile cha zamani kinakwenda wapi. Bosi akasema jalalani, labda kama kuna anayekitaka.

Nimekisukuma mwenyewe mpaka nje. Sasa tusome vizuri nilichoandika Jumatatu iliyopita. Kilichobaki wazi ni kiti cha Mwalimu Mkuu. Kiti hicho kiko wapi? Kiko chini yangu. Kioo amepata maneno tu. Nimekiweka koridoni, kati ya pipa la maji na mlango wa choo, mahali ambapo hakuna mtu wa shule hii atakayekwepa kupita mbele yangu.

Bosi amesema pia Jumamosi ijayo kuna semina nyingine ya gari jipya. Maalumu, ya mtu mmoja. Ameniangalia alipokuwa anasema. Sitakwenda. Nimeliponya gari lile kwa kidole changu mbele ya mtahini wa serikali, waniambie nini tena? Mwanafunzi mpya, fundi cherehani, nimeshaanza naye leo. Nimemwonyesha herufi A na mshale wake. Nimemwambia ni cha mzunguko. Amefurahi kujua.

Mchana koridoni pakawa patupu. Nikaketi, nikaegemeza mikono, nikainua miguu yote miwili, nikajisukuma ukutani kwa nguvu.

Kiti hakizunguki.